Mbishi wa Chumba cha Vidonda

Ukitaka kumuudhi Mbishi, simama karibu na mgonjwa anayefunguliwa kidonda, kisha umwambie mgonjwa huyo, "Jikaze." Mbishi atakugeukia na koleo lake mkononi, atakukagua kuanzia kiatu hadi kofia, halafu atakuuliza wewe mara ya mwisho ulijikaza lini, na kwa ajili ya nini. Wauguzi wageni huonywa jambo hilo siku yao ya kwanza kazini, kabla hata hawajaonyeshwa choo kiko wapi.

Jina lake halisi liko kwenye faili la ajira, na huko ndiko linakolala. Hospitali nzima, tangu mlinzi wa getini hadi daktari wa upasuaji, humwita Mbishi, naye huitika bila kinyongo. Alibandikwa jina hilo chuoni, kwa kosa la kunyoosha mkono mara nne katika kipindi kimoja na kuuliza kwa nini. Mwalimu alimwambia kwamba muuguzi mzuri ana mikono miwili ya kufanya kazi na mdomo mmoja wa kusema "ndiyo." Mbishi akauliza kwa nini. Darasa likaangua kicheko, na tangu siku hiyo jina likaganda.

Mumewe, fundi wa redio, mtu mpole anayeweza kushinda kutwa nzima na waya mdomoni, hupenda kuwaambia wageni, "Wenzangu wananunua redio, mimi nilioa." Mbishi naye humjibu kutoka jikoni, "Na betri haziishi." Wanaishi hivyo mwaka wa ishirini na mbili sasa, na sijamsikia yeyote kati yao akijuta.

Kazi ya Mbishi ni kufunga vidonda. Chumba chake kiko mwisho wa wodi ya wanawake: madirisha mawili yaliyopakwa rangi nyeupe hadi nusu ili wapita njia wasichungulie, sinki lenye bomba linalodondoka, kitanda cha ngozi bandia iliyopasuka na kuzibwa kwa plasta, na meza ya magurudumu manne ambayo matatu tu ndiyo yanazunguka. Wagonjwa walikijua chumba hicho kwa masikio kabla hawajakiona kwa macho. Saa mbili asubuhi vilio vilianza, na wale waliokuwa bado wanasubiri kwenye benchi la nje walikaa wakimeza mate, kila mmoja akimwambia jirani yake atangulie.

Kilichowaliza kilikuwa gozi kavu, kile kitambaa chepesi cheupe cha kufunikia vidonda. Hivyo ndivyo walivyofundishwa wote: kidonda kipakwe dawa, kifunikwe kwa gozi, kifungwe bandeji, na kesho asubuhi kifunguliwe. Lakini gozi likilala juu ya kidonda usiku kucha hunata. Kwa hiyo muuguzi alishika ncha, akasema "Jikaze, mama, ni dakika moja tu," akavuta kwa mpigo mmoja. Walikuwa na msemo wao pale, kwamba haraka ndiyo huruma. Gozi lilitoka na damu, na ile nyama changa iliyojitahidi kuota usiku ikatoka nalo. Kidonda kilipanda ngazi moja usiku, asubuhi kikateremshwa kwa nguvu, halafu watu wakashangaa mbona hakiponi.

Na tusimpake Mbishi mafuta kwa mgongo wa chupa. Yeye mwenyewe alivuta magozi miaka tisa. Alikuwa mwepesi kuliko wote, na aliona fahari kuwa mwepesi. Ubishi wake wote wa chuoni haukuwahi kumfikisha kwenye kuuliza kwa nini gozi livutwe.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka wa kumi wa kazi yake, sufuria la kuchemshia vyombo lilimponyoka likammwagia maji ya moto mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi kifundo. Aliyemfunga ni shoga yake waliyekaa dawati moja chuoni, ambaye sasa ndiye mkuu wa wodi. Asubuhi ya pili shoga huyo alishika ncha ya gozi, akatabasamu, akasema, "Jikaze, mwenzangu." Mbishi alipiga ukelele uliosikika hadi jikoni kwa wapishi. Hakulia kwa maumivu peke yake. Pale pale, na machozi yakimchuruzika, alianza kuwaona mmoja mmoja: bibi wa kitanda cha tatu, mwashi aliyeuma mkanda wake, mwanamke aliyemwomba walau ahesabu hadi tatu kwanza na yeye akavuta kwenye moja.

Tangu siku hiyo hakuvuta tena. Alianza kulowesha gozi kwa maji ya chumvi na kusubiri hadi liachie lenyewe. Aliambiwa anachelewesha foleni. Akajibu kwamba foleni haina jeraha. Baadaye alipelekwa kwenye mafunzo ya wiki mbili katika hospitali kubwa, na huko akajifunza jambo lililomtoa usingizini: kumbe kidonda safi hupona haraka zaidi kikiwa na unyevu wake, kimefunikwa, kimetulia, wala si kikiwa kikavu na wazi. Kulikuwa na plasta maalumu za kazi hiyo. Nyingine nene kama sponji, za kunyonya majimaji. Nyingine laini, zenye kugeuka jeli zikikutana na unyevu wa kidonda. Zinakaa siku tatu, nne, hata wiki, na zikitoka hazing'oi kitu. Alirudi na daftari limejaa, lakini plasta yenyewe hakurudi nayo hata moja.

Kisha siku moja alikwenda stoo kutafuta sabuni. Nyuma ya mabeseni aliona maboksi matatu yenye vumbi, akasugua vumbi kwa kiganja, akasoma. Zilikuwa ni hizo hizo plasta. Zilikuwa zimeletwa kama msaada, zikapokelewa, zikasainiwa, zikawekwa. Hakuna aliyeziulizia kwa sababu hakuna aliyezijua. Zilibakiza miezi mitano ziharibike. Mbishi alikaa juu ya ndoo pale stoo akacheka peke yake kwa hasira.

Hapo ndipo alipoletwa Mama Vifungo.

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani, mama wa miaka hamsini na nane, mnene wa juu na mwembamba wa maneno. Mtaani kwao walimwita hivyo kwa sababu nguo iliyotoka kwake inaweza kufumka pindo, lakini kifungo hakianguki. Mwaka mmoja na miezi miwili nyuma, akishuka kwenye pikipiki, mguu wake wa kulia uligusa bomba la moshi lililokuwa la moto. Kidonda cha ukubwa wa sarafu. Kwa kuwa mishipa ya mguu huo ilikuwa imevimba tangu siku nyingi, na kwa kuwa alikuwa anakanyaga cherehani kutwa nzima, kidonda kilikataa kufunga. Kilikua. Alipofika wodini kilikuwa kimefikia urefu wa kiganja chake. Kila asubuhi alivutwa gozi na wauguzi wengine wa zamu, na kila asubuhi aliuma ncha ya shuka.

Lakini hakuja kuomba apone. Alikuja kuomba akatwe mguu.

"Nimewaambia mara tatu," alimwambia daktari wa upasuaji, mbele ya Mkuu wa wodi na Mbishi. "Afadhali nikatwe mara moja nilie mara moja. Kuchunwa kila siku kama mbuzi nimechoka. Nipeni hiyo fomu."

Daktari, mtu wa mikono mirefu na maneno machache, alikuwa amekwisha kukubali. Kidonda kilikuwa hakiponi, mgonjwa hali wala halali, na kikiendelea hivyo kingeweza kuingia mfupani. Fomu ilikuwa mezani.

Mbishi hakuulizwa, kwa hiyo alisema. Aliinama, akaweka vidole viwili juu ya unyayo wa Mama Vifungo, akatulia. "Dokta, damu inafika huku. Mapigo haya hapa. Mguu una joto. Picha ya mfupa ni safi, nimeiona. Mguu huu haujafa. Umechoshwa."

"Umechoshwa na nani?" akauliza Mkuu wa wodi.

"Na sisi."

Mkuu wa wodi alikuwa mwanamke wa kunyooka, sare yake haijawahi kuonekana na mkunjo, na wodi yake ilikuwa safi kuliko zote hospitalini. Alikuwa anapenda kumtupia Mbishi methali moja, na alimtupia tena: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mimi nilisikia la mkuu," akadakia Mama Vifungo kutoka kitandani, "na guu lenyewe ndilo hilo."

Hata daktari alicheka. Akampa Mbishi wiki tatu. "Alhamisi ya tatu nakuja kuangalia mwenyewe. Kikiwa vilevile au kibaya zaidi, namkata kama alivyoomba, na wewe hutabishana."

"Nitabishana," akasema Mbishi. "Lakini nitabishania nje ya mlango."

Siku ya kwanza ilimchukua nusu saa kulowesha gozi la mwisho. Alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, akakausha ngozi ya pembeni tu, kisha akaitoa plasta kwenye mfuko wake, akimsimulia ilivyosahauliwa stoo ndani ya maboksi. Ilikuwa ya rangi ya ngozi, nene, inayopinda.

"Hiyo ni plasta au soli ya kiatu?" Mama Vifungo akauliza.

Mbishi aliifumbata katikati ya viganja vyake viwili, akaipasha joto ili ilainike. "Mama, nyama changa inatambaa. Inatoka pembeni inaelekea katikati. Ikikuta pamekauka inakwama. Ikikuta pana unyevu inapita. Na ile mishipa ya fahamu inayokuumiza, ikifunikwa hivi, inanyamaza. Nitakufunga mguu wote bandeji ya kubana, toka vidoleni hadi gotini, uvimbe upungue. Halafu hatukigusi siku nne."

"Siku nne! Na kesho asubuhi?"

"Kesho asubuhi utakunywa chai."

Kesho yake chai ilipoa. Saa tatu mgonjwa wa kitanda cha jirani alimwita muuguzi kwa sauti ya hofu, akisema Mama Vifungo hatikisiki. Walimkuta anakoroma. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulala moja kwa moja tangu lile bomba la moshi.

Unadhani wodi ilifurahi? Ilinuna. Wanadamu tukizoea jambo, hata liwe baya namna gani, anayelitoa tunamwona mwizi. Wauguzi walinong'ona kwamba kidonda kinaozeshwa gizani. Mgonjwa mmoja aliuliza kama Mama Vifungo anafanyiwa majaribio. Mkuu wa wodi alimvuta Mbishi kando ya kabati la mashuka.

"Kidonda kinahitaji hewa, mwenzangu. Hata mtoto anajua."

"Kidonda hakina pua."

"Unanichekesha mbele ya wauguzi wangu."

"Basi njoo uone nikifungua. Siku ya nne, saa nne. Njoo uone kwa macho yako."

Mkuu hakuja. Alisema ana kazi, na kwa kweli alikuwa nazo. Kama angekuja siku ile, mengi yasingetokea, kwa sababu jambo la kujua kuhusu plasta zile unaliona ukiwa umesimama pale tu. Plasta ikishafanya kazi yake, chini yake panakuwa na uji mzito wa manjano wenye harufu. Ni jeli iliyoyeyuka ikachanganyika na majimaji ya kidonda. Mtu asiyeijua akiiona atasema ni usaha, na ataapa. Ukiiosha, inakwenda na maji, na hapo ndipo unapokiona kidonda chenyewe.

Mbishi alikuwa na njia yake ya kuweka ushahidi. Kila alipofungua aliweka karatasi ya nailoni safi juu ya kidonda, akachora ukingo wake kwa kalamu, akaandika tarehe. Mara ya pili mchoro ulikuwa mkubwa kidogo kuliko wa kwanza, maana uchafu uliokauka pembeni ulikuwa umelainika na kuondoka, na Mbishi hakulala vizuri siku hiyo, ingawa hakumwambia mtu. Mara ya tatu ulirudi ndani. Mara ya nne ukarudi zaidi. Mama Vifungo aliziomba zile nailoni, akazipanga moja juu ya nyingine, akazishika kwenye mwanga wa dirisha kama fundi anayekagua karatasi ya kukatia nguo.

"Hapa ubavuni umepunguza vidole viwili," akasema. "Hapa chini bado unapwaya."

"Utakaa."

"Nami naona utakaa," akasema Mama Vifungo, na lilikuwa neno lake la kwanza la matumaini. Siku hiyo aliuliza kama nyumbani wamefunika cherehani yake au inakula vumbi.

Jumatano ya wiki ya tatu Mbishi hakuwa zamuni. Kabla ya kuondoka Jumanne alibandika karatasi juu ya kitanda, kwa herufi kubwa: ISIFUNGULIWE HADI ALHAMISI. Akaenda nyumbani akafua mapazia.

Mchana wa Jumatano Mkuu wa wodi alipita akasikia harufu. Aliinua shuka akaona ukingo wa plasta umelowa, unavuja. Tumtendee haki: mwanamke huyu aliwahi kumzika mgonjwa aliyeoza mguu huku watu wakimwambia ni kawaida, na tangu hapo pua yake haikumpa raha. Alisoma karatasi ya Mbishi. Akafikiri kuhusu mgonjwa wake, si kuhusu karatasi. Akafungua.

Alichokiona kilikuwa cha manjano, kizito, kinanuka. Alipangusa juu juu, akaweka gozi kavu, akafunga, akampigia simu daktari aliyekuwa katikati ya upasuaji mwingine. Usaha mwingi, dokta. Ndiyo, nimeuona mwenyewe. Daktari, bila kuja, alisema mgonjwa awekwe wa kwanza kesho, asile kitu kuanzia jioni. Na Mama Vifungo aliposikia neno usaha, aligeukia ukuta. Gozi lilianza kunata, maumivu yakarudi, na yaliporudi yalikuja na ule uchovu wake wote. Hakubisha. Aliomba tena ile fomu, akasaini.

Alhamisi asubuhi Mbishi aliingia kwa mlango wa nyuma, akiwa na daftari lake na zile nailoni, amejiandaa kumwonyesha daktari. Akakuta kitanda kitupu. Aliuliza mara moja tu. Kisha akakimbia, yeye ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akiwagombeza watu wasikimbie wodini.

Machela ilikuwa kwenye ukumbi, hatua kumi kutoka mlango wa chumba cha upasuaji. Mama Vifungo alikuwa juu yake, amevaa gauni la kijani lenye kamba mgongoni. Chini ya goti lake, kuzunguka mguu, palikuwa na mstari wa kalamu nyeusi.

"Mmechora pa kukatia," alikuwa akimwambia msukuma machela, akitazama dari. "Kazi yangu hiyo. Mimi ndiye huwa nachora."

Mbishi alikanyaga breki ya machela kwa mguu wake, akaacha mguu hapo hapo.

"Mwanangu, acha," Mama Vifungo akasema. "Tulijaribu. Guu limeingia usaha."

"Linauma?"

"Linauma sana."

"Tangu lini?"

Mama Vifungo akafikiri. "Tangu jana mchana. Tangu nilipowekewa gozi."

"Na jana asubuhi, kabla ya gozi?"

"Kabla ya gozi..." Akageuza kichwa kumtazama. "Kabla ya gozi hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimesahau kama nina mguu."

Daktari alitoka akiwa na kofia ya upasuaji kichwani. Nyuma yake alikuja Mkuu wa wodi na faili. "Sista," daktari akasema, "tulikubaliana. Kikiwa kibaya zaidi."

"Tulikubaliana utakuja kuangalia mwenyewe. Umekiangalia?"

Daktari akatupia jicho faili mkononi mwa Mkuu wa wodi.

"Umekatiwa tiketi kwa simu, dokta, unataka kupanda basi bila kujua linakwenda wapi. Leta macho yako hapa. Kama ni usaha, mimi mwenyewe namsukuma hadi ndani na sibishani tena hospitali hii hadi nistaafu. Mashahidi ni hawa."

"Mbishi, unavuka mpaka," Mkuu wa wodi akasema. "Usaha nimeuona kabla hata hatujamaliza chuo. Sihitaji kufundishwa usaha."

"Basi utautambua tena," akasema Mbishi. "Naomba maji ya chumvi."

Alimimina maji juu ya gozi, pale pale ukumbini, beseni likiwa chini ya mguu. Kisha akasubiri. Dakika mbili, tano. Daktari alitazama saa ya ukutani. Ndani ya chumba cha upasuaji vyombo vilikuwa tayari na watu wamesimama. Mtu mwingine yeyote angevuta. Mbishi alisimama na chupa yake, akimimina kidogo kidogo, na alipoona daktari anafungua mdomo alisema, "Mguu wake umesubiri miezi kumi na minne. Wewe huwezi kusubiri dakika kumi?"

Gozi likaachia lenyewe. Chini yake palikuwa na uji wa manjano, umekauka pembeni, na harufu ikapanda. Mkuu wa wodi alivuta pumzi kwa ushindi na kwa huzuni pamoja. "Mnaona wenyewe," akasema.

"Bado," Mbishi akasema. "Osha kwanza, ndipo uhukumu."

Akamimina chupa nzima. Ule uji wa manjano ulichuruzika, ukakatika vipande, ukaingia kwenye beseni. Chini yake pakatokea nyama nyekundu, mbichi, yenye chembechembe, na kuizunguka pande zote ukingo mwembamba wa ngozi mpya. Aliweka juu yake nailoni ya siku ya kwanza. Kidonda kilikuwa kimejaza nusu tu ya mchoro ule.

Daktari akainama. Aligusa ngozi ya pembeni kwa mgongo wa mkono: haikuwa na moto. Akabonyeza: haikuwa imevimba. Akaomba chati ya joto la mwili, akaisoma kuanzia juu hadi chini; hakukuwa na homa hata siku moja. Akanyooka polepole, akavua kofia.

"Mkuu," akauliza kwa upole, "jana kabla ya kunipigia, uliosha?"

Mkuu wa wodi alifungua faili, akalifunga. "Nilipangusa," akasema.

Daktari hakumwongezea neno, na nadhani alifanya vizuri, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa amekata shauri kwa simu. Akamgeukia Mama Vifungo. "Mama, mguu ni wako na ombi lilikuwa lako. Ulituomba tuukate. Unasemaje leo?"

Mama Vifungo alijiinua kwa viwiko. Alikuwa na njaa tangu jana, na gauni lile la kamba lilimchosha. "Dokta, mimi sikuomba kukatwa mguu," akasema. "Niliomba kutoka kwenye maumivu, na hapa kwenu mlikuwa na mlango mmoja tu. Kumbe kulikuwa na wa pili, mmeuwekea maboksi. Nirudishe kitandani. Na hiyo chai mliyoninyima tangu jana, iletwe na maziwa."

Mguu ule ulichukua wiki kumi na nne zaidi kufunga. Hapakuwa na muujiza wowote. Palikuwa na plasta, bandeji ya kubana, na maji ya chumvi. Mama Vifungo alirudi kwenye cherehani yake akiwa na soksi ya kubana hadi gotini na kovu la kung'aa ambalo humwonyesha mteja yeyote, aombe asiombe. Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile kilichobaki kilikuwa kumfunga, na walimrudisha kwenye chumba cha vidonda.

Mkuu wa wodi aliwafuata. Alisimama mlangoni, sare imenyooka, halafu akaenda kwenye sinki akanawa mikono hadi viwikoni. Akavaa glavu.

"Nionyeshe," akasema.

Mama Vifungo, alipoona ni nani anayekuja na beseni, alifumba macho, akajaza shuka mdomoni. Mbishi hakugusa kitu. Alisema tu kwa sauti ndogo: pembeni pakauke, ndani paache. Ipashe kwenye viganja. Usiivute, ilaze. Mkuu wa wodi aliosha, akakausha ukingo, akafumbata plasta hadi ikalainika, akailaza, akaipitishia kiganja taratibu. Kisha akaifunga bandeji kuanzia vidoleni.

"Anza basi, sista," Mama Vifungo akasema kupitia shuka. "Unanikawiza, roho inanipanda."

"Nimemaliza, mama."

Mama Vifungo akafumbua jicho moja. Akautazama mguu. Akaanza kucheka, tumbo likitikisa kitanda.

Mkuu wa wodi hakucheka. Alibaki amesimama na ile karatasi iliyobanduliwa kwenye plasta mkononi. "Wale wote," akasema. "Miaka yote hii. Wale wote waliokuwa wakilia hapa."

Mbishi alikuwa na jibu la maneno hayo. Alikuwa nalo tangu mwaka ule wa mkono wake, alilinoa njiani akienda kazini na akirudi, na lilikuwa refu na kali. Alilitafuta sasa, akakuta mdomoni mwake mna miaka yake mwenyewe tisa.

"Na wangu wamo," akasema.

Wakati huo huo sauti ya mwanamke ilipanda kutoka wodini, kitanda cha sita. Saa ya magozi ilikuwa imefika. Mbishi aligeuka, lakini Mkuu wa wodi alikuwa ameshatoka, hata glavu hajavua, viatu vyake vikigonga sakafu kwa haraka.

"Toa mkono wako hapo!" alifoka. "Nani alikufundisha kuvuta?"

Muuguzi wa zamu alisita, koleo likiwa hewani. "Si wewe, Mkuu?"

Wagonjwa wa wodi nzima waliinua vichwa kutoka kwenye mito.

"Ndiyo, ni mimi," Mkuu wa wodi akasema. "Weka chini hilo koleo. Leta maji."